Madeline Usher alioshwa na nani?

Hajati_Bombo
Asalaam aleikum. Nimeirudia hadithi ya Edgar Allan Poe ya nyumba ya akina Usher, ile ya 1839. Shuleni kilichonitisha ni ule ufa ulioshuka ukutani kutoka paani mpaka bwawani. Safari hii ufa nimeupita tu. Mimi huosha maiti za wanawake hapa Bombo. Unambonyeza tumbo polepole, unamgeuza ubavu huu na huu, unamsuka nywele mikia mitatu. Mwenye uhai atakupitaje? Sasa Madeline: msimuliaji, aliye mgeni nyumbani humo, anatuambia tu kwamba ameshatiwa jenezani. Na nani? Kimya. Halafu wanaume wawili peke yao, yeye na Roderick, kaka yake Madeline, wanamshusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, wanafunua, wanaona wekundu mashavuni na tabasamu mdomoni, kisha wanakaza skurubu! Na wanajua fika kwamba alikuwa na maradhi ya kukakamaa mwili hadi mtu aonekane kama maiti. Msimuliaji ni mjinga au mshiriki?

Mwalimu_Tororo
Mshiriki, Hajati. Roderick alitaka kumhifadhi kwa wiki mbili kabla ya kumzika, eti madaktari ni wadadisi mno na makaburi ya ukoo yako mbali, mahali pa wazi. Haya, tukubali. Lakini msimuliaji mwenyewe alishapishana na daktari kwenye ngazi, akaona uso wa mtu mjanja aliyebabaika. Aliona yote, hakuuliza lolote.

Fundi_Jinja
Mnakwenda mbio. Kile chumba kilikuwa stoo ya baruti, sehemu ya sakafu na njia ya kuingilia zimefunikwa shaba, na mienge yao nusura izimike kwa uzito wa hewa. Mgonjwa akae humo siku saba, nane, avunje jeneza, asukume mlango wa chuma? Mimi nasema hakutoka. Waliomwona mlangoni mwisho wa hadithi ni wendawazimu wawili. Roderick si anamwita mgeni wake mwendawazimu, tena mara mbili?

Hajati_Bombo
Fundi mwanangu, na damu kwenye sanda je? Mzuka hautoki damu. Halafu Roderick anakiri kwa kinywa chake kwamba alimsikia akijisogeza jenezani siku nyingi kabla, akaogopa kusema. Kaka mtu huyo! Mgeni naye analala chumba kilicho juu ya pale pale. Hakusikia?

Mwalimu_Tororo
Alisikia. Mbao ya kwanza inapopasuka huko mbali anajiambia ni sadfa tu katikati ya kelele za dhoruba, anaendelea kumsomea Roderick kitabu.

Fundi_Jinja
Hapo kwenye kitabu mmenibana. Ila hewa bado sijaelezwa.