Ametema kahawa ya baraza mbele ya mzee aliyemmiminia

Mkaa Barazani (mwanzisha uzi):

Assalaam aleikum waungwana. Naandika haya damu ikinichemka, kwa kuwa jambo lenyewe limetokea leo baada ya Alasiri na mikono yangu bado inatetemeka. Yule bwana nyote mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwani katika Mji Mkongwe mzima hakuna mwengine anayetembea na mizani ya kupimia buni, kipimajoto cha maji na kijitabu cha kuandikia maksi, utadhani anakwenda kukagua hospitali.

Alifika barazani akakaribishwa na kupishwa nafasi ya kukaa. Mzee wetu wa kahawa, ambaye alikuwa akimimina pale kabla yule bwana hajaota jino la kwanza, akasuuza kikombe, akainua dele na kummiminia yeye kabla ya watu wazima waliotangulia. Yule bwana akanusa kwa muda ambao mtu angeweza kwenda Bububu na kurudi. Akavuta funda moja kwa mlio ulioamsha paka wote wa Soko Muhogo. Kisha akaitema. Aliitema chini, hatua moja kutoka miguuni pa mzee, akafuta midomo kwa kitambaa na kusema kwamba ile haikuwa kahawa bali makaa yaliyorowekwa.

Akaitema, jamani. Haikumpalia wala haikumuunguza ulimi.

Baada ya hapo akaanza kutusomesha. Alisema buni zetu ni za aina ya robusta, kwamba zimekaangwa mpaka zikafa, na kwamba iliki na tangawizi tunazitia ili kuficha aibu. Yeye hunywa kahawa ya aina ya arabika ya milimani iliyokaangwa kidogo tu, yenye uchachu wa matunda, bila ya kashata na bila ya mtu wa kuzungumza naye. Kahawa hiyo naijua, kwani aliwahi kutuonjesha, na nusu ya baraza ilidhani ametia ndimu. Sikumkataza kuipenda. Buni iliyokaangwa kidogo hubaki na uchachu wake na harufu ya mahali ilipolimwa. Ikizidi kukaangwa, hivyo hupungua na uchungu hupanda, kwa hivyo anayetaka kujua tofauti ya shamba moja na jengine lazima aipende ile ya kwanza. Sisi barazani hatutafuti shamba. Tunakula halua, na halua inataka uchungu wa kuikata. Ukiinywea kahawa chachu unapoteza ladha ya vyote viwili. Kahawa hii ilipikwa tangu zamani ili iandamane na kitu kitamu na mazungumzo, na anayeionja peke yake ameonja nusu.

Hiyo robusta anayoidharau ina kafeini takriban mara mbili ya arabika, na mvuvi anayekwenda kulala baharini hahitaji kusomeshwa faida yake. Kule Kagera, inakolimwa kwa wingi, Wahaya walikuwa wakizichemsha buni zake, wakazikausha na kuzitafuna pamoja na wageni wao tangu kabla ya ukoloni. Hakuna aliyewapa maksi. Nao Oman, Saudi Arabia, Imarati na Qatar walipoipeleka kahawa yao UNESCO, ikaorodheshwa mwaka 2015 kuwa urithi kwa sababu ni alama ya ukarimu. Dele hili la kwetu limetoka huko huko. Anayekumiminia amekukirimu, na yule bwana alichokitema ni hicho.

Mzee hakusema neno. Alikichukua kikombe akakisuuza, akakisuuza tena. Nataka yule bwana aje hapa, maana najua anasoma, atueleze alitema kwa nini.

Bint Malindi:

Pole sana, ami. Bwana huyo huyo alikuja kwetu Idi akamuuliza bibi yangu kama maji ya chai yamefika nyuzi joto 93. Bibi alimjibu kwamba aliyaona yakichemka kwa macho yake. Akakiacha kikombe kimejaa, na bibi mpaka leo anauliza kwa nini mtoto wa watu hakunywa.

Mwanagenzi wa Buni:

Mwanzisha uzi ana hasira nyingi kuliko hoja. Katika kazi ya kuonja kahawa, kutema ni jambo la kila siku. Gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa hutiwa maji ya moto mililita 150, husubiriwa kama dakika 4, ukoko wa juu ukavunjwa kwa kijiko, na muonjaji huvuta kwa mlio ili kahawa isambae mdomoni na harufu ipande puani. Mlio mnaoucheka una kazi yake. Anayeonja vikombe vingi kwa siku akivimeza vyote hatapata usingizi. Kahawa inayopata maksi 80 au zaidi kati ya 100 huhesabiwa kuwa ya daraja maalumu, na hapo mkulima wa Mbinga au Kilimanjaro anaweza kuomba bei bora. Bila ya watu wa aina hii buni zote zingenunuliwa kwa uzito tu, nzuri na mbovu pamoja.

Mkaa Barazani:

Waonjaji hutema ndani ya chombo, ndugu yangu, wakiwa mezani kwao na wenzao wa kazi. Hapa palikuwa na mzee, dele na watu waliokuja kupumzika. Nani alimwita kuja kupima? Angeimeza, akashukuru, akaondoka na maoni yake, hakuna ambaye angemfuata. Aliitema chini.

Mhudumu wa Kaskazini:

Haya mimi nayaona kwa mvinyo. Natumikia hotelini upande wa Nungwi. Sinywi, lakini kazi yangu ni kuubeba na kusikiliza yanayosemwa juu yake. Wajuzi hutaka ukakasi unaokausha ulimi, uchachu, na harufu wanazoziita za udongo na ngozi, na wanatafuta chupa ambayo hawajawahi kuionja. Mgeni wa kawaida huomba kitu laini chenye utamu kidogo, na kesho yake huomba kile kile. Hata kwa huu wetu wa zabibu za Dodoma, wenyeji wengi huchagua ule mtamu, na mjuzi akiuona huvuta uso.

Lakini wajuzi nao wanateleza. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Bordeaux, Ufaransa, ambao wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 mtafiti Robert Hodgson alichapisha matokeo ya majaji wa mashindano ya California waliomiminiwa mvinyo wa chupa moja mara tatu bila ya kujua. Ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekaribia kutoa maksi zile zile. Mwaka huo huo ulitoka utafiti mwengine wa maonjo zaidi ya 6,000 ya chupa zilizofichwa bei, ukaonesha kwamba watu wasio na mafunzo hawaupendi zaidi mvinyo wa ghali, bali wanaupenda kidogo chini ya ule wa rahisi. Yule bwana afungwe macho apewe vikombe vitatu, tuone.

Mwanagenzi wa Buni:

Soma utafiti huo mpaka mwisho. Kwa waliopata mafunzo ilikuwa kinyume, kulikuwa na dalili kwamba wao huupenda zaidi ule wa ghali. Maana yake ulimi hufundishika, na aliyeufundisha haonji tena kile mnachoonja nyinyi. Kwake yeye moshi ule wa makaa aliouonja ni wa kweli.

Mkaa Barazani:

Basi aumeze moshi wake kwa adabu. Mpaka sasa hakuna aliyeniambia kwa nini aliitema miguuni pa mzee.

Mzawa wa Soko Muhogo:

Nilikuwepo na sikuona paka hata mmoja akiamka. Tena tuambizane ukweli, mwanzisha uzi, kwa sababu wewe mwenyewe wakati mzee alipokuwa mgonjwa na mwanawe akashika dele, ulikirudisha kikombe mbele ya watu ukisema tangawizi imezidi na iliki haikutwangwa sawasawa. Ukasema mkono wa kijana si mkono wa baba. Na wewe ni muonjaji, ila huna mizani.

Mkaa Barazani:

Kurudisha kikombe si kutema. Na tangawizi ilizidi kweli.

Mtwanga Iliki:

Kuhusu tangawizi namuunga mkono. Madele mengi mjini siku hizi yanatiwa tangawizi kwa sababu kahawa yenyewe imepunguzwa. Ukali wa tangawizi unakudanganya kooni na unadhani umekunywa kitu kizito. Kahawa ya barazani zamani ilitia rangi kikombe. Sasa naiona michoro ya chini wakati kikombe kimejaa, na hilo linaniudhi zaidi kuliko mtu mmoja kutema.

Mwana wa Wete:

Mnazungumzia kahawa, na halua imetajwa juu huko bila ya kuelezwa ni ya wapi. Nimeonja halua ya mjini Unguja mwezi huu na nimesikitika. Samli imepunguzwa, wanga umezidi, haikukorogwa mpaka ikaiva, inang'ang'ania meno. Halua iliyoiva haigandi mkononi. Mtu aliyezoea ya Wete akipewa hiyo hahitaji mafunzo yoyote kujua kwamba ni mbichi.

Bint Malindi:

Nyinyi Wapemba hamsifu kitu kisichovuka bahari kutoka kwenu. Halua yenu inatiwa kungumanga mpaka kichwa kinauma, na zafarani huionji tena.

Mwana wa Wete:

Kungumanga ndiyo inayoifanya isichoshe. Mjini mnapenda sukari itangulie mbele kwa sababu mnauzia watalii, na mtalii hula kipande kimoja akaondoka. Sisi tunakula sinia zima harusini, kwa hivyo lazima ladha iwe na kina.

Mla Kashata:

Na kashata je, nani anazisemea? Za njugu pale Darajani zimekuwa ndogo na zina sukari tupu, njugu unazitafuta. Kama kuna mtu anamjua mama anayepika zile za nazi zilizokaangwa hadi zikawa hudhurungi, aandike mtaa hapa.

Mtwanga Iliki:

Nenda Michenzani baada ya Magharibi. Lakini wahi, kwa sababu huisha kabla ya Isha, na za nazi huwa chache kuliko za njugu.

Mwana wa Wete:

Kashata za nazi zikikaangwa mpaka hudhurungi zimeungua. Zinatakiwa ziwe nyeupe.