Tupeane uzoefu: umewahi kumsaidia mtu bila kutegemea chochote, hata sifa?

Zabibu Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Ipagala, Dodoma, umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 31, ngoja nianzishe uzi kabla haijazima.

Wiki iliyopita nilikwenda stendi ya Nanenane kupokea madumu ya alizeti kutoka Singida. Kwenye benchi alikaa mama mmoja na mtoto wa kama miaka minne, pembeni mfuko wa salfeti. Anaongea na mpiga debe kwa sauti ya chini, mpiga debe anatikisa kichwa. Anakwenda Kondoa, nauli imepungua 8,000. Kafungua fundo la khanga, ndani kuna noti mbili za 2,000 na sarafu, anazihesabu tena kama vile mara ya pili zitakuwa zimezaliana. Nikatoa 10,000, nikampa. Akapiga goti. Watu wakageuka kuniangalia. Sitawadanganya, nilirudi kwenye pikipiki yangu kifua mbele.

Nimefika nyumbani, nikamsimulia mke wangu. Jioni kaja shemeji, nikasimulia tena. Jumapili baada ya ibada tumesimama na majirani, ndio kwanza nimesema "juzi nikiwa stendi", mke wangu akanikata: "Baba Neema, yule mama hukumsaidia. Ulijisaidia."

Watu walicheka hadi mzee wa kanisa akashika ukuta. Na mimi nikacheka, lakini usiku usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Sasa nauliza: yupo mtu anayesaidia kwa ajili ya anayesaidiwa tu? Au wote tunajisaidia, ila wenzangu mnafunga mlango? Mahubiri sitaki. Nataka yaliyokutokea.

Kichaka cha Nala

Mnafunga mlango 😂😂 Shemeji yetu apewe wizara kabisa.

Dereva wa Saranda

Mimi nitasema siku niliyokataa kusaidia, maana hiyo ndiyo naikumbuka vizuri.

Naendesha lori. Saa tisa usiku nimetoka Dodoma, nimepita Bahi, nakaribia Kintinku, taa zikamulika pikipiki imelala barabarani na mtu amekaa kando ameshika mguu. Hajalala, amekaa. Aliinua mkono mmoja. Nikapunguza mwendo kabisa, gia ya tatu, nikamwona uso. Halafu nikakanyaga mafuta.

Kichwani mwangu vilipita vitu kwa mpangilio huu: huenda ni mtego wa majambazi. Nikimbeba nitaambiwa nimemgonga mimi. Polisi, PF3 (ile fomu ya majeruhi), maelezo, lori linalala kituoni siku mbili, bosi anapiga simu. Nikapanda mlima Saranda nikijiambia nyuma yangu kuna basi, basi litasimama.

Manyoni nikasimama kunywa chai, haikushuka. Nikamwomba mwenzangu mwenye gari dogo anayerudi kule aangalie. Alinipigia baadaye akasema hakukuta mtu wala pikipiki, damu kidogo tu kwenye lami. Sasa niambieni, ile elfu ishirini ya mafuta niliyompa mwenzangu ilikuwa ya yule kijana au ya ile chai yangu iliyokataa kushuka?

Mhadhiri Mchovu

Dereva, nikutetee kidogo, halafu na mimi nijitie kitanzi.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia pale Princeton, Marekani. Watu wanaosomea uchungaji! Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa Msamaria Mwema. Njiani waliwekewa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wamechelewa, waliosimama ni asilimia 10. Waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63. Waliobeba Msamaria kichwani hawakuwazidi wenzao kwa tofauti ya maana, na wapo waliomruka yule mtu wakiwahi kwenda kumhubiri Msamaria. Kwa hiyo tukiuliza kama binadamu ana moyo wa huruma, tuulize pia saa yake inasomaje.

Kitanzi changu ni hiki. Nilikuwa nafundisha jaribio hilohilo, hapahapa mjini, vipindi vimebanana na mtihani uko wiki ijayo. Binti mmoja akaanguka mlangoni akiingia. Nikamwambia kiongozi wa darasa, "Mshughulikieni huyo," nikageukia ubao. Nilishaandika "asilimia 10" ndipo nikaona darasa zima limenyamaza linaniangalia. (Binti alikuwa na malaria, alipona. Mimi bado.)

Kuhusu mke wa mleta uzi, ana mwenzake mkubwa. Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alisema wazi kwamba binadamu anatafuta faida yake. Siku moja akampa mzee mmoja maskini sadaka, mchungaji mmoja akambana: ungetoa kama Kristo asingeagiza? Akajibu ndiyo, kwa sababu dhiki ya yule mzee ilimuumiza, na sadaka ile ilimpunguzia yule mzee maumivu na yeye pia. Yaani Hobbes alikiri kabisa, alijisaidia.

Ila Batson hakukubali kuishia hapo. Mwaka 1981 yeye na wenzake waliwaweka watu wamtazame mwanamke anayeonekana kupigwa shoti za umeme, wakiambiwa wanaweza kuchukua nafasi yake. Alikuwa anaigiza. Ujanja ulikuwa huu: baadhi waliruhusiwa kuondoka mapema, wasiendelee kumwona. Kama unasaidia ili roho yako itulie, hapo si unaondoka tu? Wasiomwonea huruma sana, wengi waliondoka. Waliomwonea huruma kwelikweli, wengi walisema niwekeni mimi. Wapo wanasaikolojia waliompinga miaka mingi baadaye, wanasema ukimwonea mtu huruma namna hiyo unakuwa umeshamfanya sehemu yako. Mimi jaribio lile linanipa moyo siku ambazo sina.

Nesi Asiyestaafu

Mhadhiri umeandika kirefu lakini nimesoma yote. Yangu fupi.

Nimekaa miaka mingi kwenye kuchangisha damu. Kulikuwa na kijana, fundi welding, anakuja kila baada ya miezi mitatu kamili, hakosi. Anapanda kitandani, anakunja mkono mwenyewe, anaangalia dari. Nikimtolea mfano kwa wengine: huyu ndiye mtu mwenye upendo. Siku moja namfunga plasta nikamuuliza, kijana wangu, nani alikufundisha moyo huu? Akacheka. "Dada, si mnapima bure? Ukimwi, homa ya ini, kaswende, yote mnanipa majibu. Na soda juu."

Nilikasirika! Kabisa nilikasirika, kana kwamba kanitapeli. Nikamwambia kama una wasiwasi na nafsi yako, kapime kwanza kituo cha afya, damu si ya kubahatisha. Alienda. Na miezi mitatu baadaye akarudi kulekule kwangu, akapanda kitandani, akaangalia dari. Soda alimpa mama aliyekuwa amekaa foleni na mtoto. Sikumuuliza kitu tena.

Daftari la Mama Mkwe

Mnahangaika. Mama mkwe wangu Makole ana daftari la kaunta. Harusi, misiba, kipaimara, jina na kiasi, tangu 1994. Ukimwalika anafungua kwanza ukurasa wako. Lakini msiba wa jirani asiyekuwa na ukurasa, alikwenda akakesha siku tatu na hakuandika. Nilichungulia.

Binti wa Nkuhungu

Mimi ni upande wa kupokea, naona wengi hapa mnaongea kama watoaji.

Baba alipofariki, lilikuja kundi la watu na gari, unga viroba vinne, mafuta, sabuni, madaftari. Tukashukuru. Wakatupanga mbele ya nyumba. Picha ya kwanza mdogo wangu kafumba macho. Ya pili kiroba kimegeuka, maandishi hayaonekani. Ya tatu mama alikuwa anatabasamu, yule wa kamera akasema, "Mama, usicheke, tunataka hali halisi." Mama akaacha kucheka. Nilikuwa na miaka 13, nimevaa gauni la shule limetoboka kwapani, nimebana mkono hivi wasione. Picha hiyo niliiona shuleni kwenye simu ya mwalimu.

Unga tuliula, wiki kama sita. Sisemi wasingeleta. Wakija leo na kamera yao nitapanga wadogo zangu tena, maana njaa naijua. Ila mtu akiniambia nia haina maana bora unga umefika, namuuliza tu kama amewahi kubana kwapa.

Kichaka cha Nala

Dada pole. Hapa nimekosa utani.

Mjukuu wa Mvumi

Babu yangu alikuwa anasimulia njaa ya 1917 hadi 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza wakaja wakachukua vilivyobaki, kisha mvua ikagoma. Mama yake babu alikuwa binti mdogo. Wazazi wake wakampeleka kwenye nyumba iliyokuwa bado na mtama, wakaondoka na vibuyu vya nafaka. Yeye akabaki.

Ile nyumba ilimlisha, akakua, wakamwoza kijana wao. Ndipo akazaliwa babu. Tukimuuliza, babu, wale watu walimwokoa au walimnunua, alikuwa anachokonoa moto na kijiti muda mrefu, halafu anasema, "Walikuwa na mtama." Basi. Hakuongeza neno hadi anakufa.

Ila aliongeza vitendo. Alikuwa na ng'ombe wengi wasiolala kwake. Huyu kwa fulani, wale wawili kwa fulani. Jirani asiye na kitu anapewa ng'ombe amchunge, maziwa anywe yeye, samadi aweke shambani kwake, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Nikiwa mdogo nilijua babu ni mtu wa huruma. Nimekuwa mkubwa nikaelewa: ugonjwa ukiingia boma moja, hauwamalizi wote, na mwaka mbaya ukija unajua pa kwenda kugonga. Alikuwa ameweka akiba kwenye vikombe vya watu. Na bado, siku ya mazishi, waliokuja kulia kwelikweli walikuwa wale waliokunywa yale maziwa.

Mjane wa Area C

Nasoma kimya tangu jana, leo nimeamua.

Mume wangu alifariki 2019, akaniacha na watoto watatu. Mwezi wa pili baada ya arobaini, asubuhi nafungua geti, nikakuta karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, imechomekwa kwenye kufuli. Ndani tarakimu tu, ishirini, kwa mwandiko wa peni ya bluu. Nikadhani uchawi. Nikaita mchungaji, tukaomba, karatasi tukataka kuichoma. Mtoto wangu wa darasa la sita ndiye aliyesema, "Mama, hii si Luku?"

Akaingiza kwenye mita. Yuniti zikapanda.

Ilikuja hivyo miezi kumi na saba. Mita yangu iko ukutani nje, namba mtu yeyote anaiona. Niliwahi kukesha dirishani nimwone, nikasinzia, asubuhi karatasi ipo. Mwezi mmoja tarakimu moja ilikuwa imefutwa na kuandikwa tena, inaonekana alikosea akahakiki. Hiyo ndiyo niliyoitunza, iko ndani ya Biblia. Halafu zikakoma.

Daftari la Mama Mkwe

Huyo ana deni la marehemu. Nawaambia.

Dereva wa Saranda

Au alimpenda dada siku nyingi akaogopa kusema.

Mhadhiri Mchovu

Au ni mtoto wa nje wa marehemu. Samahani dada, nimewaza tu.

Mjane wa Area C

Yote hayo nimeshayawaza kabla yenu. Nilimchunguza kila mwanamume aliyenisalimia mtaa ule, hadi muuza maji. Mwaka mzima na nusu napewa umeme, mimi kazi yangu kumtafutia mtu dhambi.

Nesi Asiyestaafu

Dada, hapo umenigusa mimi na yule fundi wangu.

Kichaka cha Nala

Watu wa Area C wote mnaosoma hapa, kesho muanze kuangalia makufuli.

Zabibu Mbichi

Umeme umerudi, wakuu, nimechaji. Asanteni kwa michango, nimesoma yote, na mke wangu nimempa simu kasoma mwanzo mwisho akiwa amekaa jikoni. Nilijua atacheka tena.

Hakucheka. Akanirudishia simu akauliza, "Yule mama alifika Kondoa?"

Sijui. Basi lilikuwa bado halijajaa. Namba yake sikuchukua.