Mama anaficha leso zilizolowa sandukuni, naombeni ushauri

Binti wa Langoni: Asalaam aleikum wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 79, naishi naye hapa Lamu. Mwaka wa tatu huu ana ugonjwa wa kusahau. Kuulizwa jambo moja mara kumi nimeshazoea, lililonishinda ni mkojo. Juzi natafuta nguo ya harusi sandukuni, nikakuta leso tatu zimelowa, zimekunjwa vizuri mno, katikati ya nguo zinazonukia udi. Kumuuliza, akasema ni paka. Tulicheka, kisha nikaingia chumbani nikalia.

Zamani jioni hakosi barazani na wenzake. Sasa hatoki, akialikwa anasingizia kichwa. Sala nayo ameacha, anasema hana udhu. Usiku anaamka mara nne, na choo kiko chini, ngazi za mawe. Nimempunguzia maji tangu alasiri, lakini mkojo umekuwa na harufu kali, na wiki hii amezidi ghafla, anaita watu waliokufa. Kaka zangu wanasema anafanya makusudi. Nifanyeje?

Mpita Njia: Mvalishe nepi, yaishe.

Nesi Mstaafu: Hayaishi hivyo, ndugu yangu. Dada, maji mrudishie leo leo. Mkojo mzito huchokoza kibofu, na mwili ukikauka hupata kufunga choo, ambako nako hukibana kibofu. Mpunguzie karibu na kulala tu, na chai ya usiku uiache. Huko kuzidi ghafla kusisubiri kesho: apimwe mkojo na sukari. Mzee akipata maambukizi ya mkojo huenda asipate homa wala asilalamike maumivu, ukaona kuchanganyikiwa tu. Beba dawa zake zote. Kama ana kidonge cha presha cha kukojoza, uliza kinywewe saa ngapi. Na akitaka kupewa dawa ya kutuliza kibofu, mkumbushe daktari hali yake, maana baadhi yake huzidisha kusahau.

Mwana Malindi: Baba yangu alikuwa vivyo hivyo. Tuligundua kuzuia anaweza, ila choo hakioni! Anasimama ukumbini, anageuka huku na huku, mpaka yanamtoka. Usimuulize kama anataka kwenda, atakataa. Mwambie "mama, twende", kila saa mbili hivi na baada ya kula. Baba akianza kuvutavuta kikoi tulijua tayari. Usiku usimshushe ngazi: seremala alitutengenezea kiti chenye tundu, ndoo chini, taa ikiwaka. Nepi tulitumia safarini, bei yake unaijua. Ukimvalisha, mbadilishe mapema, mkaushe, mpake vaselini.

Ami Shela: Mwanangu, mwenye kutokwa na mkojo asiouweza hutawadha wakati wa kila sala ukiingia, akasali hata ukimtoka. Muulize shehe wenu amweleze mwenyewe, atatulia.

Binti wa Langoni: Shukran nyote. Alikuwa na maambukizi kweli, amemaliza dawa, wafu hawaiti tena. Kaka mkubwa nimemwachia zamu ya usiku mara mbili, na neno "makusudi" sijalisikia tena. Mlango wa choo chetu una rangi moja na ukuta, nikautundikia leso nyekundu. Jana alasiri kaenda peke yake. Alipotoka akanigombeza: nani kaanika leso yake chooni?