Tumbo limejaa maji baada ya kutolewa mayai, nimerudishwa nyumbani. Ni sawa?

Subira_09: Habari zenu wapendwa. Tuko kwenye IVF, ile ya mayai kurutubishwa maabara, hapa Dar. Ijumaa nilitolewa mayai 24. Tangu juzi tumbo limeumuka, nguo inayonienea ni dera tu. Nimeongezeka kilo 4 kwa siku tatu, nikilala chali pumzi inakata. Leo kliniki wamenichoma sindano tumboni huku wakiangalia kwenye ultrasaundi, wakatoa maji lita 2 na nusu. Nikajua nalazwa. Wapi! Nimeambiwa nirudi kesho asubuhi. Viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa, wamegandisha. Mama mkwe anasema nimetelekezwa. Tuhame hospitali?

MuuguziZamu: Pole mdogo wangu. Hiyo ni OHSS, ovari zimechochewa kupita kiasi. Mishipa inavuja, maji yanahamia tumboni, damu inabaki nzito. Kutolewa maji na kulala kwako si kutelekezwa. Mwongozo wa RCOG, chama cha madaktari wa uzazi Uingereza, wa 2016 unaruhusu hata kwa baadhi ya wenye hali kali, mradi wafuatiliwe kwa karibu. Umepewa sindano ya kuzuia damu kuganda? Mkojo unapima?

Subira_09: Sindano ndiyo, mume ananichoma kila usiku, mkono unamtetemeka kuliko mimi. Mkojo hapana.

MuuguziZamu: Tafuta jagi lenye vipimo. Mkojo wa saa 24 usipofika lita moja, usingoje asubuhi. Pumzi ikizidi kubana, kifua kikiuma, au mguu mmoja ukivimba, nenda hata usiku wa manane. Kila asubuhi pima uzito, zungusha futi ya fundi kitovuni, andika. Diklofenaki usiguse, figo zako zina kazi tayari. Parasetamo inatosha.

BintiTanga: Mimi nilitolewa maji mara tatu, nalala nimeegemea mito mitano kama bibi harusi. Kunywa kadiri ya kiu, usijilazimishe ndoo. Mimi walipandikiza papo hapo, mimba ikashika, tumbo likaanza upya. Wewe shukuru wamegandisha, hedhi ikija linashuka.

BabaK: Mnakaa wapi?

Subira_09: Mbagala. Kliniki iko upande wa pili wa mji.

BabaK: Sasa hapo ndipo penye tatizo, hospitali haina kosa. Foleni ya Mbagala jioni, na pumzi inakata? Mke wangu ningemhamishia kwa ndugu aliye karibu. Na namba ya zamu ya usiku unayo?

Subira_09: Ninayo, nimeipiga sasa hivi, wamepokea. Dada yangu anakaa mitaa miwili kutoka kliniki, tunaenda leo. Jagi nimechukua la juisi. Mume kauliza juisi tutawekea wapi, sikumjibu.