Wakuu naombeni ushauri: mdogo wangu kaniletea picha ya kuzimu

Mkazi wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ni mchoraji. Juzi kaniachia sebuleni picha ya hadibodi: mto mpana, mzee mwenye ndevu anavusha mtu mmoja kwa mtumbwi. Kushoto malaika na bustani, kulia moto na jibwa la vichwa vitatu. Mke wangu hataki hata kuiona. Ina maana gani?

Shangazi wa Temeke: Itoe leo leo, mwanangu. Hiyo haikai nyumba wanayolala watoto.

Fundi Rangi: Hadibodi na rangi ya baiskeli ndivyo alivyoanza marehemu Edward Tingatinga mwaka 1968. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza picha ya mashetani pale Oysterbay, nikalipa kodi ya miezi mitatu. Uza!

Mzaramo: Kwa nini kakuletea wewe? Kuna kitu hujasema.

Mkazi wa Mbagala: Sawa. Abiria kavaa koti la marehemu baba, lile la kiraka begani. Baba alitaka azikwe kwao Rufiji, mimi nikaamua azikwe hapa mjini. Gharama, wakuu. Tangu siku ile hatusemeshani. Na nimeshapokea advansi ya laki na nusu, mteja anakuja Jumamosi. Ada za watoto zinanidai, msinihukumu.

Shangazi wa Temeke: Umechukua advansi ya baba yako?

Kibaha Kwetu: Chai hii. Hiyo ni kazi ya mchoraji Joachim Patinir ya miaka ya 1520, ipo makumbusho ya Prado, Madrid. Kharon, mvushaji wa wafu kwenye hadithi za Wagiriki wa kale, anavusha roho mto Styx, mto wa kuzimu. Malaika, jibwa, vyote vimo. Umeitoa mtandaoni.

Mkazi wa Mbagala: Huyo simjui. Mdogo wangu ana kitabu cha sanaa kimechakaa, labda kanakili humo. Koti halijakauka, rangi imenishika kidoleni.

Fundi Rangi: Basi tuambie abiria anatazama wapi. Kwa Patinir, roho imegeukia kulia, kwenye moto.

Mkazi wa Mbagala: Kushoto. Nimemulika kwa tochi ya simu mara tatu. Chini ya rangi mpya kuna uso mwingine, ule ulikuwa umeelekea kulia. Kaufuta, kachora upya.

Mzaramo: Mpigie.

Mkazi wa Mbagala: Inaita.