Tovuti ya shule ya bweni Lamu: WordPress, Joomla au Moodle?

Mwalimu_Amu
Assalaam aleikum wadau. Shule yetu ni sekondari ya bweni hapa Amu, na bodi imekubali tuwe na tovuti. Tunataka pa kuweka matangazo ya wazazi (kufunga na kufungua, karo, mikutano), mazoezi ya wanafunzi, na ikiwezekana matokeo ya mitihani. Wazazi karibu wote wanaingia kwa simu, bando ni za kununua kidogo kidogo, na wengi wako Faza na Kizingitini. Walimu watakaoandika ni wanne, hakuna fundi kati yao. Kuna anayesema tuweke kila kitu kwenye Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni) tumalize, mwingine anapendelea Joomla (programu ya kutengenezea tovuti). Tushike lipi?

FundiSeva_Malindi
Waaleikum salaam mwalimu. Hizo ni kazi mbili, usizifunge pamoja. Tangazo la karo linataka ukurasa mwepesi unaofunguka bila nenosiri. Mazoezi yanataka mwanafunzi ajulikane ni nani, kawasilisha lini, kapata ngapi. Moodle imeundwa kwa hiyo ya pili tangu 2002. Ukiifanya ubao wa matangazo, mzazi atakutana na skrini ya kuingia na ataishia hapo hapo.

Kwa matangazo nakushauri WordPress, nayo ni programu ya kutengenezea tovuti, ile unayoweka kwenye hosti yako mwenyewe (nafasi ya tovuti unayokodi kwenye seva). Joomla na mwenzake Drupal ni imara, lakini mwalimu asiye fundi atahangaika na menyu na moduli kabla hajachapisha tangazo moja. Google Sites ni bure na haina kitu cha kusasisha. Kwa kurasa tano zisizobadilika inatosha kabisa. Upungufu wake ni kwamba haina mfumo wa habari zinazojipanga kwa tarehe, na ratiba ya muhula uliopita itabaki juu mpaka mtu akumbuke kuiondoa.

Ukiweka WordPress, plagini (programu ndogo za nyongeza) zisizidi tano au sita, kwa sababu tovuti nyingi huvamiwa kupitia plagini iliyoachwa bila kusasishwa. Washa masasisho ya kujiendesha na uzime maoni ya wasomaji. Weka UpdraftPlus, plagini ya kuhifadhi nakala, ipeleke nakala ya hifadhidata na mafaili kwenye Google Drive ya shule kila wiki. Nakala inayokaa kwenye seva ile ile si nakala, seva ikienda nayo imekwenda. Kila muhula jaribuni kuirejesha mahali pengine muone kama inafunguka.

Maalim_Shela
Naongeza juu ya walimu wanne. Msiwape wote cheo cha msimamizi. Wape cheo cha mchangiaji: anaandika, lakini hawezi kuchapisha mpaka mhariri, tuseme naibu wa mwalimu mkuu, apitishe. Mjue tu kwamba mchangiaji hawezi kupandisha picha. Akihitaji picha, mpe cheo cha mwandishi, ila huyo anaweza kuchapisha kazi yake mwenyewe bila kupitishwa.

Picha ndizo zinazomaliza bando. Picha ya simu huwa na MB 4 hivi, kumi zake ni MB 40 kwa mzazi mmoja aliyetaka kuona siku ya michezo. Ipunguzeni mpaka upana wa pikseli 1200, isizidi KB 150, kabla ya kuipandisha. WordPress hupunguza yenyewe picha inayozidi pikseli 2560, lakini ile asili inabaki kwenye seva, na nafasi ya hosti inajaa polepole. Karo nayo iandikwe kama maandishi kwenye ukurasa. Karatasi iliyopigwa picha ikageuzwa PDF ni nzito, na kwenye simu haisomeki bila kuivuta huku na huku.

Domeini (jina la anwani ya tovuti) chukueni ya .sc.ke kupitia wakala aliyeidhinishwa na KENIC, wasimamizi wa majina ya .ke, muwe na cheti cha usajili wa shule tayari. Isajiliwe kwa jina la shule na barua pepe ya ofisi. Ikisajiliwa kwa barua pepe ya mwalimu, akipewa uhamisho kwenda Garissa, shule haina hata njia ya kubadili nenosiri.

Mwalimu_Amu
Shukran sana. Matokeo je, tukiyaweka kwenye ukurasa wenye nenosiri?

Bi_Faragha
Hapana, mwalimu wangu. Nenosiri la ukurasa halilindi PDF iliyo ndani yake. Faili lina anwani yake, na mwenye kiungo analifungua bila kuulizwa chochote. Matokeo yaende kwa kila mzazi peke yake, au yakae kwenye Moodle ambako mwanafunzi anaona alama zake tu.

Picha za watoto pia ziangalieni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Fomu ya idhini iwe kwenye karatasi za kujiunga na shule, na mzazi aweze kukataa bila mtoto kunyimwa kitu.

FundiSeva_Malindi
Mkifika kwenye Moodle, ulizeni hosti kama inaruhusu kazi ya cron (amri inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) kila dakika. Bila hiyo arifa hazitoki na nakala za kozi hazijiandai. Folda ya moodledata, ambamo Moodle huweka mafaili yake, ikae nje ya folda ya wavuti. Darasa zima likifungua jaribio kwa wakati mmoja kwenye hosti ya bei nafuu, hifadhidata inalemewa na wengine wanatupwa nje, kwa hiyo gawanyeni makundi mawili, la pili lianze lile la kwanza likimaliza. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu kupakua somo na kulisoma bila mtandao.

Na kama intaneti ya maabara ni ya kubahatisha, angalieni Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti. Ni bure, inakaa kwenye kompyuta moja ya shule, masomo yanapakuliwa mara moja, kisha wanafunzi wanayafungua kwa Wi-Fi ya ndani bila bando. Ila kompyuta hiyo ipewe UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika.