Kutoa draivu ya DVD kwenye laptopu na kuweka SSD: kipi kikae wapi?

kipanga_7
Wakuu, habari zenu. Laptopu yangu ina nafasi moja tu ya diski ya inchi 2.5, na humo imo HDD (diski ya kuzunguka) ya GB 500. Nataka kutoa draivu ya DVD, nifunge SSD (diski ya chipu, yenye kasi zaidi) ya GB 240 kwenye kedi, yaani fremu yenye umbo la draivu ya DVD inayobeba diski, niichomeke hapo. Windows ikae kwenye SSD, mafaili yabaki kwenye HDD. Kedi naona ziko za mm 9.5 na za mm 12.7. Nichukue ipi? Na kuna la kuangalia kabla sijafungua?

fundi_waya
Mkuu, geuza huo mpango. SSD iweke kwenye nafasi ya HDD, halafu HDD ndiyo iende kwenye kedi. Laptopu nyingi zenye draivu ya DVD zina SATA (njia ya kuunganisha diski) ya 6 Gb/s upande wa diski kuu, lakini upande wa DVD ni 3 Gb/s, na nyingine 1.5 tu. SSD inayosoma MB 550 kwa sekunde itaishia kama 270 ukiiweka kwenye 3 Gb/s. HDD haifiki hata 150, kwa hiyo pale kwenye DVD haipotezi kitu. Tena kuna BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) zinazokataa kuwasha kutoka kwenye nafasi ya DVD.

Unene usikisie. Toa draivu uipime kwa rula. Kedi ya 12.7 haiingii kwenye nafasi ya 9.5. Ya 9.5 kwenye nafasi ya 12.7 inaingia, ila inachezacheza na konekta haikai sawasawa. Angalia konekta pia: laptopu za zamani sana zinatumia IDE (muunganisho wa zamani) badala ya SATA, na kedi zake ni tofauti.

mche_mdogo
Naongezea hatua. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Draivu ya DVD kwa kawaida imeshikwa na skrubu moja tu chini ya laptopu, mara nyingi ina alama ya diski pembeni yake. Ukishaifungua, draivu inateleza ikitoka kwa ubavuni. Kama haitoki usiilazimishe, kuna skrubu nyingine hujaiona.

Nyuma ya draivu kuna kibati kidogo chenye skrubu mbili. Kihamishie kwenye kedi, maana ndicho kinachoshika ile skrubu ya chini. Watu wengi wanakisahau, halafu kedi inatoka yenyewe ukibeba laptopu.

Kifuniko cha mbele nacho kihamishe. Ingiza pini kwenye kitundu kidogo cha draivu, trei ichomoze, uivute kidogo. Kwa chini utaona vimeno vya plastiki: bonyeza kimoja kimoja kwa bisibisi bapa huku ukisukuma kifuniko mbele. Ukikivuta kwa nguvu vimeno vinakatika, na hapo hakishiki tena.

kipanga_7
Asanteni sana. Na Windows, niiklone (niinakili yote kutoka HDD kwenda SSD) au niweke upya?

fundi_waya
Kuweka upya ndiyo njia safi, lakini wakati wa kuiweka acha SSD peke yake ndani. HDD ikiwemo, Windows inaweza kuandika sehemu ya kuwashia kwenye HDD, na siku ukiitoa kompyuta haiwaki. Kwenye BIOS, hali ya SATA iwe AHCI kabla ya kuanza.

Ukitaka kuklona, SSD ya GB 240 Windows itaionyesha kama GB 223. Punguza mafaili na ukubwa wa patisheni (sehemu zilizogawanywa) za HDD mpaka zote kwa jumla ziwe chini ya hapo, kisha klona kupitia adapta ya USB. Ukimaliza, washa mara ya kwanza ukiwa na SSD tu. Diski mbili zenye utambulisho mmoja zikikutana, Windows huiweka moja "offline", yaani haiifungui.

Mwisho fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Ikijibu 0, TRIM (amri ya kuijulisha SSD data iliyofutwa) inafanya kazi.

mche_mdogo
Kama BIOS haioni HDD iliyo kwenye kedi, tafuta kiswichi kidogo pembeni mwa konekta ya kedi. Baadhi zinacho, kina nafasi mbili au tatu. Zima, kisogeze kwa ncha ya sindano, jaribu tena.

Na HDD ikae imekazwa kwa skrubu za kedi. Ikibaki na mwanya, mtikisiko wake utasikika kwenye kiganja ukiwa unaandika. Baadaye soma SMART (kumbukumbu ya afya ya diski) kwa programu ya CrystalDiskInfo, uangalie C7, yaani makosa ya CRC (makosa ya data ikisafiri kati ya diski na kompyuta). Namba hiyo ikizidi kupanda kila siku, diski haina tatizo: mgusano wa konekta za kedi ni mbovu. Badilisha kedi.